Mwaka Niliousikiliza Usingizi wa Baba Mdogo

Mwezi uliopita tulimzika mama mdogo kule Chanika, nikarudi kwangu nikiwa na hasira nyingi kuliko huzuni. Najua si jambo la kusema kwa mtu aliyetoka msibani, lakini nimefika umri wa kusema ninachotaka, na atakayekerwa akerwe. Mambo yalianza pale msemaji wa familia aliposimama chini ya turubai kusoma wasifu wa marehemu. Akasoma alivyolipenda kanisa, akasoma alivyolea watoto wake na wa wenzake, halafu akainua kichwa kutoka kwenye karatasi, akatuambia kwamba zaidi ya yote marehemu alikuwa mwanamke wa stara, kwamba ya nyumbani kwake hayakuwahi kusikika hata kwa jirani wa ukuta mmoja. Wanawake wakaguna kwa kukubali. Mmoja nyuma yangu akasema wanawake wa namna hiyo hawazaliwi tena. Mie nikakibana kiti cha plastiki kwa mikono miwili nisije nikasimama, kwa sababu huyo jirani wa ukuta mmoja nilikuwa mie, na kila kitu nilikisikia, na hiyo stara wanayoisifia ilitaka kutuulia mtu. Baba mdogo mwenyewe, mgane wa marehemu, alikaa mstari wa mbele na mkongojo wake katikati ya magoti. Jua la saa nane lilikuwa limeshainamisha vichwa vya wazee wote pembeni yake, yeye peke yake yuko macho, anasikiliza. Na yeye akatikisa kichwa kukubali. Nikasema moyoni, haya, hata wewe.

Siku hizi baba mdogo analala na mashine. Ni kidude kidogo kinachokaa kwenye stuli pembeni ya kitanda, kina bomba laini linaloishia kwenye barakoa ya puani, na usiku kucha kinamsukumia hewa ili koo lisijifunge. Neema, binti yake, ndiye aliyemletea. Pale msibani nililala chumba cha pili, nikakisikia kinavuma taratibu na mzee hana hata mkoromo mmoja. Ndipo uliponirudia mwaka mzima wa Keko, na nikaona bora niuandike, maana aliyekuwa akinizuia kuusema tumeshamfukia.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri kupangiwa chuo cha ualimu, na nikaletwa kwa baba mdogo Elirehema nikae nisaidie kazi. Ya ukoo wetu na namna tulivyotoka Upareni nayaacha, hayana nafasi katika habari hii. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, mtaa wa ndani nyuma ya barabara ya mafundi seremala. Neema alikuwa kazini Morogoro, kwa hiyo nilipewa chumba chake, kitanda cha mninga alichokitengeneza baba yake na dirisha linalotazama choo cha uani. Kuta za nyumba ile, kama za nyumba nyingi za pale, ziliishia juu kidogo ya mlango, hakukuwa na dari, na paa lilikuwa la wote. Ukipiga chafya jikoni, anayelala chumba cha mwisho anakuombea afya. Usiku wa kwanza tu nikajua baba mdogo anakoroma, na usiku wa pili nikajua si kukoroma tu. Alikuwa anakwenda vizuri, mkoromo unapanda na kushuka, halafu unakatika. Namaanisha unakatika kabisa. Hakuna pumzi, hakuna kugeuka, hakuna chochote, mpaka unasikia mbwa wa mtaa wa pili. Mie kule nilikuwa nahesabu. Kumi. Ishirini. Siku nyingine nilifika thelathini na tano. Halafu kitanda kinatoa kishindo kidogo, na baba mdogo anavuta hewa kwa sauti ya mtu aliyetolewa majini, anakohoa, anaanza upya. Hivyo hivyo mpaka alfajiri. Na mie, binti msomi wa kidato cha sita, niliyefundishwa mapafu na damu na oksijeni, nilifanya nini? Nilivuta khanga usoni. Nilijiambia watu wazima ndivyo wanavyolala.

Asubuhi ndiyo iliyokuwa inanichosha. Baba mdogo aliamka amechoka kuliko alivyolala. Alikaa kwenye benchi la uani na kitambaa kilicholowekwa maji kichwani, kichwa kinamgonga, mdomo umemkauka, anakunywa jagi zima la maji kabla hajajibu shikamoo. Macho mekundu. Usiku alikuwa ameshaamka mara tatu au nne kwenda haja ndogo, nilisikia komeo la mlango wa uani kila safari. Alikuwa mtu mpole, lakini mwaka ule alianza kufoka kwa vitu vya ajabu, chai ya moto, kandambili iliyogeuzwa, na baada ya kufoka anasahau alichokuwa anafokea. Mama mdogo alimtazama, akaguna, akamwongezea chapati. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake. Mume amechoka, basi hajala vizuri. Jioni alimpikia makande ya maziwa, sahani inafurika, na juu yake ndizi za nyama, na kabla ya kulala uji wa karanga ili alale na nguvu. Baba mdogo alinenepa mpaka shati la Jumapili halifungi shingoni. Mama mdogo akahamisha kifungo. Lilipogoma tena akaongeza kipande cha kitambaa ndani ya kola, kazi safi, huwezi kuona. Wanawake wa jumuiya wakija kusali nyumbani walimsifu kwamba anajua kutunza, kwamba mzee amependeza, na yeye aliinamisha kichwa akatabasamu. Nikikumbuka ile kola hadi leo napata kizunguzungu. Shingo ya mtu inavimba, inambana pumzi, na sie tunashona.

Mchana nilikuwa naye karakana. Karakana yenyewe ilikuwa banda la mabati kando ya barabara, vitanda na makabati vimepangwa nje kwenye vumbi, ndani kuna mashine moja ya msumeno wa duara, meza za kupigia randa, na kona yangu yenye cherehani, nashona vitambaa vya makochi. Fundi mwingine alikuwa mmoja tu, Bakari, Mmakonde wa Newala, mtu wa makamo aliyechonga maua kwenye mbao za vichwani mwa vitanda, na ulimi wake haukuwa na likizo. Baba mdogo alikuwa akilala amesimama. Sizidishi. Alikuwa anapiga msasa mguu wa meza, mkono unapunguza mwendo, kidevu kinashuka, na amelala, patasi bado iko kwenye mkono wa pili. Wateja walicheka. Bakari aliacha kucheka mapema kuliko wote. Aliupiga marufuku mkono wa mzee kwenye mashine, akaanza kupasua mbao zote mwenyewe, akisingizia anapenda ile sauti. Siku moja tukinywa chai alinisogelea akaniuliza taratibu.

"Aika, mzee usiku analala kweli?"

"Analala fofofo," nikamjibu. "Mpaka anakoroma nyumba nzima."

Bakari akatikisa kichwa, akasema basi labda ni uzee, akarudi kwenye maua yake. Nataka msomaji ayaone vizuri majibu yangu. Mtu aliniuliza swali lenyewe, kwa Kiswahili chepesi, na mie nilikuwa na jibu lenyewe, nalisikia kila usiku, nikampa kukoroma kama ushahidi wa usingizi mzuri. Si mie peke yangu. Mtaa mzima uliamini hivyo, anayekoroma ana raha zake. Na hata kama ningejua, ningesemaje? Binti wa miaka ishirini, hajaolewa, anamwambia mwanamume kwamba huwa yuko macho kitandani anahesabu pumzi za baba yake mdogo, aliyelala na mkewe upande wa pili wa ukuta? Nilijisikia vibaya hata kulifikiria.

Sasa kanisani. Baba mdogo alikuwa mzee wa kanisa, na usharikani kwetu wazee walikaa mbele, pembeni ya madhabahu, wakiwatazama waumini. Yaani ukisinzia, unasinzia mbele ya watu mia tatu. Alianza kwa kusinzia kwenye mahubiri, watu wakatabasamu. Akaja kusinzia kwenye matangazo. Mwezi wa tano akasinzia ameshika kikapu cha sadaka, kikaanguka, sarafu zikatawanyika mpaka chini ya kinanda. Halafu Mzee Zakaria, karani mstaafu, mtu wa kuchunguza, akamwona ameketi kwenye benchi la grosari moja ya Temeke saa tano asubuhi, kichwa kimening'inia, usingizi mzito. Baba mdogo alikuwa anamsubiri mteja, akaona kivuli, akanunua soda, akakaa. Ile soda ilikuwa mbele yake bado imejaa. Lakini grosari ni grosari, watu wanakwenda pale kunywa bia, na Mzee Zakaria hakusogea kuinusa chupa. Alikwenda moja kwa moja kwa mchungaji. Macho mekundu, kichwa kinauma asubuhi, anasahau, anafoka, anaanguka usingizi, ameonekana grosari. Wakajumlisha wakapata mlevi. Baraza la wazee likakaa, likamvua uzee, likamtenga na meza ya Bwana mpaka atakapotubu.

Nilimchukia Mzee Zakaria mwaka ule mzima, na sasa naona simtendei haki. Yeye angalau alikuwa ameziona dalili zote akaziunganisha. Alikosea jina tu. Sie tuliokuwa na jina karibu, hatukuunganisha chochote.

Neema alikuwa anaolewa mwezi wa tisa, na hapo ndipo palipombana baba mdogo. Mzazi aliyetengwa hapewi nafasi kanisani. Asingempeleka binti yake madhabahuni, angemtafutia mjomba wa kumpeleka, na yeye akae benchi la nyuma kama mpita njia. Siku moja, alasiri, nilikuwa uani nachambua mchele, wao wawili wako jikoni, mama mdogo anachagua maharage. Nilisikia kila neno na hawakujali, maana nadhani walishanihesabu kama sehemu ya ukuta. Mama mdogo alimwambia aende kwa mchungaji akatae, aseme hajawahi kuonja pombe tangu azaliwe, ambayo ilikuwa kweli tupu. Baba mdogo akakaa muda mrefu. Nilifikiri amelala tena.

"Ulevi una njia," akasema hatimaye. "Unatubu, wanakuombea, yanaisha. Nikisema silewi wataniuliza, basi una nini? Na mie sijui nina nini, mama Neema. Labda ni mvivu tu. Labda Mungu ameniacha."

Nikasikia maharage yanaanguka kwenye sufuria, moja moja. Mama mdogo alikuwa na jibu mkononi. Angeweza kumwambia, mume wangu, wewe usiku hupumui. Akasema, "Basi tubu. Ya ndani tuyaache ndani." Mie huku nikaendelea kuchambua mchele, nikatoa mawe yote, mchele haujawahi kuwa safi vile.

Akatubu. Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane alisimama mbele, suti ya kahawia, kola yenye kiraka cha siri, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba amekosa mbele za Mungu na mbele ya usharika kwa dhambi ya ulevi. Hakuna tone. Hata mbege ya harusi za watani wetu Wachaga alikuwa haionji. Watu wakaimba wimbo wa kumpokea kundini, wengine wakalia, mchungaji akamshika mkono. Kisha akaenda kuketi, safari hii benchi la tatu pamoja na sie, na kabla mahubiri hayajafika katikati alikuwa amelala, mdomo wazi, anakoroma. Nilisikia minong'ono nyuma. Mama mmoja alisema kwa huzuni ya kweli kwamba maskini, amekunywa ili apate ujasiri wa kuja kutubu. Mama mdogo akamgusa ubavuni kwa kiwiko, kidogo, haraka, hata hakugeuza kichwa, kama mtu anayefukuza inzi. Niliiona ile ishara ya kiwiko nikadhani ni aibu ya siku ile. Sikujua ni kazi yake ya miaka.

Harusi ikafika, akampeleka Neema madhabahuni akiwa macho, hatua kwa hatua, namshukuru Mungu kwa hilo. Ukumbini akalala kwenye meza kuu. Picha zote za ukumbini macho yake yamefumba, na Neema akatudanganya kwa miaka kwamba ilikuwa taa ya mpiga picha.

Sasa nije kwenye Novemba. Bakari alikuwa amekwenda kupeleka kitanda Tandika. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, ukarudi kama saa sita, na kulikuwa na mbao za kabati la mteja zilizotakiwa jioni ile. Baba mdogo akawasha mashine mwenyewe. Nilikuwa hatua sita kutoka kwake, kwenye cherehani, nashona ukingo wa mto wa kochi, na mteja mwenyewe, mama mmoja mnene wa kujiheshimu, amekaa kwenye stuli mlangoni akijipepea. Joto la Novemba la Keko mnalijua. Nikainua macho, nikaona mkono wa baba mdogo umepunguza mwendo kwenye ubao. Nikaona kidevu kinashuka. Nilijua kabisa kinachotokea, nilikuwa nimekiona mara mia. Na hapa ndipo ninapojichoka mwenyewe mpaka leo, miaka yote hii, nikiwa mwalimu mkuu mstaafu niliyefokea watoto wa watu kwa kuzubaa. Sikupiga kelele. Mbele ya mteja, mtu mzima, baba yangu, nimpigie kelele kwamba amelala? Nilikohoa. Mkono wa mtu unakwenda kwenye msumeno, mie nakohoa kwa adabu. Nikakohoa mara ya pili, kwa nguvu kidogo. Mara ya tatu sikuhitaji.

Vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha shahada na cha kati. Sitaeleza zaidi. Yule mama mteja ndiye aliyepiga kelele, ndiye aliyekimbilia swichi, ndiye aliyevua mtandio wake tukafunga mkono. Mtu wa nje, hana adabu yoyote ya kumlinda mzee, na ndiye aliyesaidia.

Kabla sijafika hospitali niseme la kanisa, nisilirudie tena. Miezi baadaye nilikwenda mwenyewe kwa mchungaji kumweleza kwamba baba mdogo hakuwahi kulewa, kwamba ulikuwa ugonjwa na cheti cha daktari kipo. Alinisikiliza vizuri, alikuwa mtu mwema. Akaniambia, binti yangu, sasa nitafanyaje, mtu ametubu mbele ya usharika na usharika umemsamehe, nitawaambia wamrudishie dhambi ili niseme hakuwa nayo? Nikatoka nimekasirika mpaka nikaisahau miwa niliyokuwa nimemletea, ikabaki mlangoni kwake. Uzee hawakumrudishia mpaka alipohamia Chanika, kwenye usharika ambao hakuna aliyemjua.

Hospitalini walimshona, na jioni ile akaletwa kwenye chumba kidogo chenye kitanda kimoja na feni isiyozunguka. Daktari alikuwa mwanamke kijana, pengine amenizidi miaka mitano tu. Mama mdogo alikuwa ameshafika kutoka nyumbani na chupa ya chai, amekaa kwenye ukingo wa benchi, mkoba mapajani. Daktari akauliza imekuwaje. Baba mdogo akasema alisinzia. Akauliza anakunywa pombe. Na baba mdogo, kwa sababu alikuwa ameshatubu mbele ya watu na hakutaka kumgeuza mchungaji mwongo, akajibu kwamba alikuwa anatumia, lakini ameacha tangu mwezi wa nane. Daktari akaandika. Niliiona kalamu inatembea. Mama mdogo alikuwa anaifungua chupa ya chai na kuifunga, anaifungua na kuifunga. Nikaona tutatoka pale na ulevi umeandikwa kwa mkono wa daktari, na mwakani utakuwa mkono mzima, au atakufa tu usiku mmoja na sie tutasema Bwana ametoa.

"Daktari, hajawahi kunywa," nikasema. "Akilala, pumzi inakatika."

"Aikande," mama mdogo akasema. Jina langu tu, zima, ambalo hakuwa akiliita.

Nikaendelea, sikumtazama yeyote. Nikasema nasikia kupitia juu ya ukuta. Nikasema nahesabu. Daktari akaiweka kalamu chini akaniuliza nahesabu mpaka ngapi, nikamwambia thelathini na tano, akanitazama vizuri. Kisha akaanza kuuliza moja baada ya jingine. Anaamka na kichwa kinauma? Mdomo mkavu? Anakwenda chooni mara nyingi usiku? Anasahau, amekuwa na hasira? Shingo imeongezeka? Hakuwahi kukanyaga kwetu, na alikuwa anatusomea nyumba yetu chumba kwa chumba. Nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Alipouliza kama huwa anashtuka mwenyewe pumzi ikikatika, nikasema ndiyo, nasikia kitanda kinatoa kishindo.

"Sio mwenyewe," mama mdogo akasema.

Tulimgeukia wote. Alikuwa ameiweka chupa chini. Akasema kishindo ni yeye. Akasema anamsukuma kwa kiwiko, kila ikikatika, kila usiku, miaka sita sasa, kwamba amejifunza kulala kidogo kidogo katikati ya pumzi, kwamba akienda msibani kwao Same analala macho akiwaza nani atamsukuma. "Nisipomsukuma atakufa," akamwambia daktari. "Nimechoka, mwanangu. Nimechoka sana." Na akalia, mkoba mapajani, bila kujifunika uso, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona hata akipiga miayo mbele ya wageni.

Daktari alimshika bega. Akatueleza kwa utulivu kwamba si ulevi wala uvivu, kwamba koo linajifunga anapolala, mwili unakosa hewa na kushtuka mamia ya mara, ndiyo maana mchana analala popote, na kwamba asiguse mashine mpaka atibiwe, asilale chali, apunguze mwili, apimwe na shinikizo la damu. Akatoka kwenda kutafuta karatasi za kutupeleka hospitali kubwa. Tukabaki watatu. Baba mdogo alikuwa amelala ubavu kama alivyoambiwa, mkono wenye bandeji uko juu ya mto, anamtazama mkewe kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Nilidhani atamfokea. Hakumfokea. Akamwambia anywe ile chai yeye, apumzike. Kisha akanigeukia.

"Na wewe ulikuwa unasikia."

"Ndiyo, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipofika. Tangu Januari."

Akaanza kuhesabu miezi, polepole, kwa vidole vya mkono wa kulia, midomo inatembea bila sauti. Januari, Februari, Machi, Aprili, Mei. Mkono ukaisha. Akautazama ule wa kushoto, akaacha kuhesabu.